Ngozi ya Ndama wa Gaju

Asubuhi ile nilikuwa ninagombana na mama mmoja wa kijiji cha Shasha juu ya sambaza. Aliniletea beseni la samaki ambao, kwa macho yangu, walikuwa wamelala barabarani tangu juzi, naye aliapa kwamba wametoka ziwani alfajiri. Tulijuana miaka mingi na hakuna kati yetu aliyekuwa na hasira ya kweli. Nyuma ya nyumba yetu ya mbao, pale Goma, baba mkwe wangu alikuwa anamkamua ng'ombe wake, na watoto wa jirani walikuwa wamepanga chupa zao juu ya mawe ya volkano, wakingoja maziwa. Nikiulizwa amani ilikuwaje, hiyo ndiyo ninayoikumbuka: kelele zangu mbele ya nyumba na ukimya wake nyuma.

Baba mkwe aliitwa Ndoole. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Vita vya zamani vilimfukuza huko akiwa amebakiwa na ng'ombe mmoja tu wa kundi lake, na Gaju, huyo wa nyuma ya nyumba, alikuwa kitukuu wa ng'ombe huyo, mwekundu kama udongo wa kwao. Mimi ni mtoto wa Walikale, binti wa mwindaji. Kwetu nyama hutoka msituni, na ng'ombe nilimjua kwa picha ya darasani. Nilipoolewa nikataka kujipendekeza, nikamuuliza Mzee kama naweza kumsaidia kukamua. Aliniangalia kana kwamba nimeomba kuvaa suruali yake.

"Mwanamuke hakamulake ngombe," alisema.

Basi. Miaka yote niliyoishi pale kazi yangu ilikuwa kuosha vibuyu, na kuvifukiza moshi ili maziwa yasiharibike. Nilikuwa nikimtania mume wangu kwamba baba yake ananiogopa nisije nikamuibia mke.

Wakati ule tulikuwa katika msiba. Esperance, binti wa mwisho wa Mzee, alikuwa amefariki akijifungua, akatuachia mtoto wa kike. Tulimwita Riziki. Baba wa mtoto hatukumjua, na katika nyumba nzima, pamoja na wingi wetu, hapakuwa na mwanamke anayenyonyesha. Riziki alikunywa maziwa ya Gaju yaliyochemshwa na kuongezwa maji, kwa kijiko kidogo cha chai. Tulipojaribu uji alitapika mpaka akalegea. Kwa hiyo hata watoto walijua kwamba Gaju ndiye mama yake.

Halafu mabomu yakaanza kusikika upande wa kaskazini, na kila asubuhi yakawa yamesogea. Mume wangu, Faustin, alikuwa dereva wa lori. Njia ilipofungwa alikuwa upande wa pili, Kisangani, katika jimbo jingine kabisa. Alinipigia simu, sauti ikikatika.

"Leta bote," alisema. "Usiache hata moja. Njia ya Walikale ingali napita."

"Bote namna gani, Faustin? Wewe unajua tuko wangapi?"

"Bote, Mama Neema."

Baadaye simu zikafa mji mzima.

Kuhamisha familia kubwa ni kazi ya kuacha vitu. Niliacha cherehani yangu. Niliacha magodoro, masufuria makubwa, picha ya harusi. Wifi yangu mjane, Mama Solange, alifunga vitu mara tatu na kuvifungua mara tatu, mwisho akachukua sufuria moja na Biblia. Watoto wangu, watoto wake, na watoto wa marehemu shemeji waliokuwa wanalelewa kwetu, kila mmoja nilimpa kifurushi cha uwezo wake. Neema, binti yangu mkubwa, nilimfunga Riziki mgongoni. Tulipotoka nje, Mzee alikuwa amesimama barabarani na kamba mkononi, Gaju nyuma yake, ndama pembeni.

"Papa," nikasema, "tunakimbia, hatuende ku soko."

"Mutoto atakunywa nini mu njia?"

Basi Gaju tukaenda naye. Na ndama alitakiwa vilevile. Ng'ombe wa kule hatoi maziwa mpaka mtoto wake aanze kunyonya. Ndama akishaonja, anavutwa pembeni na mtu anakamua. Bila ndama, ng'ombe anayazuia na unaweza kumkamua mpaka vidole vife ganzi.

Tukaenda. Njia ilikuwa imejaa watu wenye magodoro vichwani, na wengine walitucheka kwa ajili ya ng'ombe, hata siku ile. Kupita Sake tulianza kupanda. Mzee alijua njia mpaka Nyabiondo; kutoka pale kwenda mbele msitu ulikuwa wa kwetu, na kuijua njia kungekuwa kazi yangu. Huko juu, kwenye majani mafupi na baridi, alibadilika. Alitembea mbele kama kijana. Alituonyesha kilima kimoja akasema boma lake lilikuwa pale, halafu akakiangalia mpaka tulipokipita. Kila asubuhi na kila jioni alikamua, Mama Solange akachemsha, Neema akashika kijiko. Riziki alinenepa vitani. Sisi wengine tulikula viazi vya kuomba.

Kizuizi, bariere kama tunavyokiita, tulikikuta mbele ya mji wa Masisi, mahali mikaratusi inapokwisha. Mwanzi ulikuwa umelazwa barabarani. Vijana wenye bunduki walivaa hirizi shingoni na majani vichwani, dawa za kuzuia risasi.

Walipekua vifurushi. Walichukua simu, chumvi nusu, na viatu vya Mama Solange.

Kisha mmoja akashika sikio la ndama.

Mzee aliwaomba. Aliwaambia mtoto huyu mchanga hana mama, ng'ombe bila ndama hatatoa kitu. Kijana alisikiliza vizuri, kwa adabu hata, halafu akasema wana njaa tangu jana.

Tulivuka. Gaju hakutaka. Watoto walimsukuma kwa nyuma, naye aligeuza kichwa na kulia. Nyuma yetu ndama alijibu. Halafu hakujibu tena.

Tulifika kijiji kilichofuata, tukaingia katika darasa lisilo na milango. Mzee alijaribu kukamua jioni ile. Hakupata kitu. Alijaribu alfajiri, akimwimbia Gaju polepole, akimpapasa tumbo. Gaju alimpiga teke gotini na kuendelea kulia. Chuchu zilikuwa zimejaa mpaka zinang'aa, na Riziki alikuwa anakunywa maji ya moto. Asubuhi hiyo kilio chake kilikuwa chembamba. Kufikia saa nne hakuwa analia tena, alikuwa anafungua mdomo tu. Nilizunguka kijiji kizima nikitafuta mama mwenye kunyonyesha. Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Mmoja nilimpata, alikuwa na mapacha, aliniangalia akaanza kulia yeye.

Niliporudi Mzee alikuwa anavaa koti lake.

"Ninarudia ku bariere," alisema. "Ninaenda kutafuta ngozi."

Alinieleza, na nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuniambia kwa mara moja. Ndama akifa, wafugaji wa kwao huchukua ngozi yake, huijaza majani makavu, huipaka chumvi, humwekea mama mbele. Mama hunusa, hulamba, moyo wake hutulia na maziwa hushuka. Ngozi ya ndama mwingine haifai. Lazima iwe ya wake.

Mimi nilimshika mkono wa koti. Kwetu Walikale, mwindaji hamruhusu mgeni kugusa ngozi ya nyama aliyoila. Mwenye ngozi anaweza kumfunga mwenye kula kwa uchawi: tumbo linavimba, risasi zinamwona. Na vijana wale, nilikuwa nimewasikia wakizungumza, walikuwa watu wa msitu kama mimi.

"Papa, usiende. Kwetu mutu haombake ngozi ya nyama yenye bengine bamekula. Batasema uko mulozi."

"Iyi haiko nyama. Iko mutoto wa Gaju."

"Basi miye niende. Mimi ninajua luga yabo."

"Wewe uko na batoto." Alinitazama, akafunga kifungo cha juu cha koti. "Ngozi batatupa tu. Haina kazi kwabo. Nitaomba muzuri."

Nitaomba vizuri. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Mwizi angeiokota majanini akaondoka. Mzee Ndoole hakuwahi kuchukua kitu cha mtu bila kuomba, na kwa hesabu yake, mtu mwenye njaa akishachinja ndama wako, ngozi ni mali ya huyo mtu.

Aliondoka akitembea haraka, mikono nyuma.

Mchana ulipogeuka, aliyekuja hakuwa yeye. Alikuwa mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi karibu na kizuizi, beseni kichwani, anahema. Aliuliza ni nani Mama Neema. Aliteremsha beseni, akaondoa mandazi, akaondoa kitambaa. Chini yake ilikuwa ngozi nyekundu iliyokunjwa, bado mbichi.

Alisimama wakati akisimulia, hakutaka kukaa. Ngozi ilikuwa imetupwa nyuma ya kibanda chake. Mzee aliiona, akaipita, akaenda kwanza kumwomba mkubwa wao. Walicheka. Halafu mmoja akauliza mzee wa ng'ombe anataka kufanya nini na ngozi ya kitu walichokula wao. Kicheko kikaisha. Walimshika mikono. Naye Mzee, akiwa ameshikwa, alisema na yule mama kwa Kihunde, lugha ya milima ile, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya mandazi. Alimwambia ngozi iko wapi na sisi tuko wapi.

"Alisema kitu kingine?" nikamuuliza.

"Alisema: Mama Neema, yeye njo akamule."

Mama Solange alinigeukia.

"Na yeye, balimupeleka wapi?" nikauliza.

"Nyuma ya mikaratusi. Sikusikia risasi. Sikusikia kitu, mama. Nilikimbia."

Tulijaza ngozi majani makavu ya ndizi. Niliipaka chumvi iliyobaki, mgongoni na kichwani, nikaiweka mbele ya Gaju. Aliacha kulia. Alinusa muda mrefu, akatoa ulimi, akaanza kulamba.

Nilichuchumaa mahali ambapo Mzee huchuchumaa. Sikujua kitu. Nilishika kama nilivyomwona akishika miaka yote ile nikiosha vibuyu, nikavuta, hapakutoka kitu, nikavuta tena. Nilimwimbia wimbo wake nikikosea maneno. Nilikuwa ninalia, machozi yananiingia mdomoni, na nilikuwa na hasira na kila mtu, na Mzee kuliko wote. Halafu nikasikia maziwa yakipiga sufuria.

Riziki alikunywa. Alikunywa mpaka akalala na kijiko mdomoni.

Tulingoja. Risasi zilianza upande wa kizuizi, na watu waliobaki kijijini wakaanza kupita mbele ya darasa wakikimbia. Neema aliniulizia babu yake, "Na koko je?" Nilimfunga mtoto mgongoni mwake tena, nikabeba ngozi kichwani mimi mwenyewe, tukaondoka.

Kutoka Nyabiondo niliongoza mimi. Sitaeleza msitu wote: matope, siafu, mito ya kuvuka kwa mti mmoja, Gaju akiogelea huku watoto wamemshika mkia. Ngozi ilianza kunuka, kisha ikakauka, na bado kila asubuhi na jioni aliilamba na kunipa maziwa, kila mara machache kuliko jana. Huko msituni watu walitoka nje kumwona ng'ombe, na wazee walipoiona ngozi kichwani mwangu walisogea kando ya njia. Niliwaacha waamini wanachotaka, hakuna aliyetugusa.

Walikale palikuwa na maziwa ya kopo, kwa sababu wafanyabiashara walishazoea kuwaletea wachimbaji wa mgodi wa Bisie. Gaju nilimwachia kaka yangu, mtu anayeweza kufuata nyayo za nguruwe wa porini siku nzima lakini hajui ng'ombe anaumwa wapi. Inzi wa msitu walimmaliza kabla ya mvua. Sisi tulipata nafasi juu ya lori la magunia, tukavuka kutoka jimbo letu.

Faustin alitungojea Kisangani, mahali malori yanaposhushia. Aliwapokea watoto mmoja mmoja, akiwashusha kwa mikono yake. Akampokea Mama Solange. Akanipokea mimi. Aliendelea kutazama juu ya magunia.

"Papa iko wapi?"

Niliteremsha ngozi nikampa. Yeye ni mtoto wa wafugaji. Aliigeuza, akaona alama za chumvi, akaona manyoya ya kichwani yalivyolambwa yakaisha. Alielewa ilitumika kwa kazi gani. Ila aliuliza:

"Nani alikuwa nakamula?"

"Ni miye."

Alikaa chini palepale, kwenye vumbi la gurudumu, na ngozi mapajani.

Tumeuliza kwa kila mtu aliyetoka Masisi baadaye. Hakuna aliyeona kaburi. Ndugu zake wanasema tuizike ngozi, tufanye matanga tumalize, na Faustin anasema bado. Iko juu ya kabati, imefungwa katika kitenge. Familia yote niliyoambiwa nilete iko hapa isipokuwa mmoja, na mmoja huyo ndiye aliyenisaidia kuwaleta wengine. Nimejaribu kuipima hesabu hiyo na kila mara inanishinda.

Riziki anasoma sasa. Ni mrefu na mkavu, ana maneno machache. Maziwa hataki kabisa, anasema yananuka, na mimi simlazimishi. Ninammiminia kikombe kila asubuhi, anakisukuma upande wangu bila kuniangalia, nami ninakunywa mpaka kinaisha.