Swali Langu Kwenye Mkutano wa Kampuni ya Magodoro

Nilifungiwa chumbani na mwanaume nisiyemjua, kisa nimeuliza swali kuhusu magodoro.

Jamani, hii sikusimuliwa. Yalinikuta mwenyewe.

Mimi ni msusi. Pale saluni tuna kikundi cha kuweka akiba ya uzeeni. Msusi hana pensheni, mgongo ukigoma ndiyo basi tena. Mweka hazina wetu ni shangazi yangu, naye msusi, na hela ya kikundi inakaa kwenye simu yake.

Shangazi alikuwa na vihisa vyake kwenye kampuni ya magodoro. Akataka akiba yetu yote tununulie hisa hukohuko, tukae nazo mpaka tuzeeke.

"Kwani watu wataacha kulala?" akasema.

Wenzangu wakanituma mimi. Nenda naye kwenye mkutano wa wenye hisa, chunguza, ukirudi ndiyo tuamue.

Ukumbi ulifurika. Mlangoni kila mtu anapewa mwavuli, kofia na boksi la chakula. Watu wanapiga vigelegele hata hotuba haijaanza.

"Unaona?" shangazi akaninong'oneza. "Mwenye njaa anaweza kugawa hivi?"

Muda wa maswali ukafika. Nikanyoosha mkono, nikaletewa kipaza sauti.

"Mmesema mauzo yanashuka kila mwaka, lakini gawio letu, hiyo faida mnayotugawia, linapanda. Hela inatoka wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Swali linalofuata."

Nikatoka kwenda msalani. Kwenye korido nikadakwa mkono. Mwanaume wa suti, jasho linamchuruzika. Akanisukumia chumbani, akageuza ufunguo.

Nikajisemea, leo ndiyo leo.

"Nani kakutuma?"

"Shangazi!"

Akajibwaga kwenye kiti.

"Mimi ndiye mhasibu hapa. Siruhusiwi kukwambia ununue au usinunue. Ila niulize kama mama yangu ana hisa zetu."

"Mama yako... anazo?"

"Alikuwa nazo. Nimeziuza."

"Kwa hiyo hilo gawio..."

"Mkopo, dada. Tunakopa, tunawagawia, mnapiga makofi."

Kumbe naye alikuwa anaogopa kuliko mimi. Ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla mlango haujafunguka. "Hujaniona," akasema.

Nikatoka mbio. Shangazi nikamkuta nje, uso unang'aa kwa furaha.

"Shangazi, tusinunue! Twende zetu!"

"Ulipotelea wapi wewe? Pale mezani wanauza hisa mpya. Ukinunua leo leo, unapewa godoro juu! Nimeshalipa kwa simu, mara moja tu."

"Umelipa hela gani?"

"Ya kikundi."

"Yote?"

"Sasa ningebakiza ya nini?"

Nikamshika mkono. Tulirudi pale mezani, tukabembeleza, tukalia. Muuzaji akasema hela ikishaingia hairudi.

Kampuni haikumaliza mwaka. Hisa zetu sasa hivi hata bure hapatikani wa kuzipokea. Shangazi bado anasuka, mgongo umepinda, anashika ukuta akiinuka. Nikimtazama naogopa kweli, maana pale naona uzee wangu.

Wewe unayetaka kuanza na hisa za kukaa nazo miaka, usitazame kampuni inagawa nini. Uliza hela inatoka wapi. Na kama umemtuma mtu akuulizie, Mungu wangu, msubiri arudi.