Fundi Anatafuta Nusu ya Farasi

Wananchi, wapita njia, na ninyi mnaosubiri nguo zenu tangu mwezi jana: mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba fundi cherehani wa chumba cha nyuma ya duka la rangi, mama wa miaka arobaini na sita, anatafuta farasi. Si wa kununua, akili zake bado timamu. Anataka wa kuazimwa siku mbili kwa wiki, kama watu wanavyoazimana pasi.

Marehemu baba yake alitunza farasi wa watu, naye akajua kupanda kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kisha maisha yakamkalisha kwenye cherehani miaka thelathini. Mwaka huu goti lilianza kulia kama bawaba, daktari akasema litazidi tu, kama kuna farasi wa kupanda apande sasa. Tangu siku hiyo hakaliki. Anashona, anasimama, anachungulia matangazo kwenye simu, anakaa upande, anasimama tena.

"Dada, hilo gauni lina mikono mitatu," mdogo wake akamwambia.

"Mwenyewe atachagua."

Farasi wa kwanza tangazo lilimwita mpole. Kweli alikuwa mpole, maana alikuwa usingizini, na alipoamshwa hakuona tofauti. Wa pili alikuwa na mbio, ila alizipiga peke yake. Mpandaji alibaki pale pale, chini.

Wa tatu alikuwa jike wa kijivu, mali ya daktari wa meno aliyekosa nafasi ya kumtembeza. Farasi alimnusa fundi shingoni, na fundi akajua hapa amefika.

"Panda nikuone," daktari akasema. "Saa kumi anakuja mwingine, naye anamtaka."

Ilikuwa kumi kasoro dakika tano. Fundi alipitisha mkono chini ya tumbo la farasi, kwenye mkanda unaoshika tandiko. Vidole vyake vikasimama. Uzi ulikuwa umeoza, unashikilia kwa imani tu. Anyamaze apande polepole? Mguu ulishaanza kunyanyuka wenyewe. Akaurudisha chini.

"Sipandi, daktari. Huu mkanda utakatika."

"Mama, Jumapili nimempanda mimi na mkanda huo huo."

"Hata anayevuka barabara amefumba macho kuna siku anafika."

Daktari akaukamata mkanda kwa mikono miwili, amwoneshe. Ukaachia, naye akakaa kwenye majani bila kukaribishwa.

Fundi hakucheka. Alitoa sindano nene na uzi wa turubai mkobani, akageuza ndoo akaikalia, akashona. Yule wa saa kumi alifika na buti zinazong'aa, akamkuta farasi hana tandiko.

"Nipande wapi sasa?"

"Subiri zamu," daktari akamjibu, akijipangusa. "Huyu akishamaliza kushona, anapanda. Tukielewana, wewe tutakutafutia mwingine."

Wakaelewana. Jumanne na Alhamisi.

Nyumbani ukoo mzima ulikuwa umejaa sebuleni. Mdogo wake akamshika mkono, sauti ya harusini.

"Dada yangu, miaka thelathini. Tuambie, moyo unasemaje?"

"Moyo sijauuliza. Makalio yanawaka moto. Sogeza huo mto."