30,031 Haikuwa Namba Tasa

Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alinipa chaki mbili na Darasa la Saba zima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, mwalimu wa kujitolea pale shule ya Busale. Wazazi walinilipa mpunga baada ya mavuno. Leo nimestaafu nikiwa bado na mtoto wa kunyonyesha mgongoni. Ninyi mnaoanza kazi hii, nisikilizeni.

Sikuanza na ubao, nilianza na kokoa. Kila mtoto alileta mbegu kavu, tukazipanga kwenye mkeka kwa mistari iliyo sawa. Kumi na mbili: mistari mitatu, nne nne. Kumi na tatu: panga utakavyo, haikubali, labda uziweke zote mstari mmoja. Hiyo ndiyo namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nyingine zina vigawo vya kati, yaani namba zinazozigawa bila kubakiza kitu.

Mwalimu wa Taaluma alikuwa na yake. Alizidisha namba tasa sita za mwanzo, kuanzia mbili hadi kumi na tatu, akapata 30,030. Akaongeza moja: 30,031. "Gawanya kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja," alitamba. "Kwa hiyo ni tasa!" Akaipaka rangi ukutani, kubwa, wakaguzi wakija waione.

Nyumbani, nikilinda kokoa ya mama mkwe juani, niliendelea pale alipoishia: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu. Mtoto ananyonya, mimi nagawanya kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Kufika hamsini na tisa, hakikubaki kitu. 59 mara 509.

Nilimpelekea Mwalimu wa Taaluma kile kipande ofisini. Hata hakukitazama.

"Mama Tumaini, kunyonyesha kumekuchanganya."

"Mwalimu, sijaja kunyonyesha hapa. Gawanya."

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa meza ya pili, alicheka, halafu akakumbuka cheo chake. "Rangi imeshakauka, binti. Kesho waambie watoto ni tasa, au niachie chaki zangu."

Kesho yake niliwaambia watoto, "Igawanyeni kwa hamsini na tisa." Penseli zikaanza kukwaruza. Mara Tumpe, binti anayetoka kijiji cha Ndandalo, akaruka kwenye dawati:

"Mwalimu, imeisha!"

"Kimebaki nini?"

"Hakuna! Ukuta unadanganya!"

Nikaenda ofisini, nikaweka chaki mezani.

Hasira ninayo bado, na siifichi. Mpunga ule ulikuwa chakula cha mwanangu. Lakini sijutii. Mwalimu anayejua jibu akafundisha lingine, huyo ndiye aliyeacha kazi, hata kama anaingia darasani kila asubuhi.

Watoto wakipita kwangu husema, "Ndaga, mwalimu," yaani asante, na vidole vyao ni vyeusi. Siwaulizi. Chini ya ile namba ukutani kuna mtu huandika kwa mkaa: 59 × 509. Walimu wamepaka chokaa juu yake mara mbili. Kila wakipaka inarudi, na mwandiko si ule ule.