Mkaratusi wa Kwenye Kona

Nimehama miji mingi hata nimesahau vyumba nilivyopanga, lakini kwetu, kati ya Muleba na Kemondo, sikuwahi kupotea. Kila niliporudi nilimwambia kondakta, "Mkaratusini," na basi likasimama. Marehemu baba aliupanda mti huo kwenye kona, ukingoni mwa barabara, mwaka niliozaliwa. Ulinenepa hadi watu wawili wakiukumbatia mikono haikutani.

Kisha ikaja lami, na magari yakajifunza kukimbia. Dereva mmoja alikosa kona akafia kwenye shina lile. Tukalipaka chokaa ili lionekane. Baadaye kijana wa bodaboda kutoka Kamachumu akafia hapohapo, kwenye chokaa. Mdogo wangu naye ana bodaboda, na kona hiyo huipita kila siku. Nikamsihi mama tuukate mti kabla haujamchukua.

"Tuukate, halafu wewe mzururaji utashukia wapi?"

"Nitapajua, mama."

"Utapajua! Wewe uliyesahau hata kumenya ndizi?"

Alicheka, lakini alikataa. Katika vitu vyote alivyoacha baba, huo ndio uliokuwa bado unakua.

Siku moja mama wa yule kijana wa Kamachumu akaja kuuona mti. Mama yangu akamtandikia nyasi mpya sebuleni, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyompokea mgeni wa heshima. Mgeni akatafuna taratibu, kisha akasema, "Mume wako aliupanda vizuri, waitu, mwenzangu. Haukutikisika hata kidogo."

Kesho yake mama ndiye aliyetuamsha, akiuliza kwa nini msumeno haujafika.

Tuliukata, tukang'oa na kisiki. Majirani walikuja na majembe na kibuyu cha rubisi, na sikumbuki kipi kilikwisha kwanza, kazi au pombe. Mama akapanda migomba safu tatu mahali pale. Mimi nikaondoka tena, kama kawaida yangu.

Mwaka jana nikarudi. Nilikaa dirishani nikiutafuta mkaratusi nilioukata kwa mikono yangu mwenyewe, hadi nikaona maji ya ziwa pale Kemondo.

"Mzee kapitilizwa kwao!" abiria wakacheka. Nikacheka nao. Nikampigia mdogo wangu anifuate.

"Kaka, panda," alisema, akijikaza asicheke. "Na ushike sana, usije ukapotea tena."

Tulipofika kwenye kona, pikapu ilikuwa imezamisha pua katikati ya migomba, majani yamefunika kioo. Niliruka chini kabla pikipiki haijasimama, nikakimbilia nyumbani. Kisha nikasikia sauti ya mama kutoka ndani ya nyumba, kali na nzima.

"Mikungu minne! Na mmoja nilikuwa nautunza kwa ajili ya Krismasi!"

Dereva wa pikapu alikuwa ameketi kwenye nyasi za sebuleni, shati limejaa utomvu, ana mkwaruzo mmoja tu kwenye paji la uso. Alikuwa akitafuna kahawa. "Nisamehe, mama," alisema.

"Tafuna kwanza. Utaomba msamaha ukishapata nguvu."

Ndipo mama akaniona mlangoni. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Umepitilizwa."

"Ndiyo, mama."

"Nilisema, sikusema?" Alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Huyu kakosa kona, wewe umekosa kwenu. Shikeni visu. Mtamenya ninyi wawili."

Tulimenya mpaka vidole vikawa vyeusi. Ndizi zilikuwa changa. Tulizimaliza zote.