Darasa Lililosema Hakuna Shida

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya keki, mwanangu, na ndiyo maana hunioni nikionja keki kwenye sherehe zenu. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya muhula, katika chuo kimoja hapa Kisumu. Nilikuwa nimechelewa kuingia chuo, mama wa watoto wawili katikati ya vijana, na katiba hii ilikuwa ingali mpya kabisa. Tuliichangamkia kweli. Kila mtu alitaka kuonekana anaijua.

Mwalimu wetu wa sheria ya katiba, Mzee Oloo, alipenda kutuuliza maoni. Katikati ya muhula alituuliza kama kuna kitu hatuelewi, au kitu cha kuongeza. Tukamjibu hakuna shida. Desturi yetu unaijua: mtu akipewa nafasi ya kusema anaanza na shukrani, anaendelea na shukrani, kisha anaketi.

Ijumaa hiyo alitaka maoni ya mwisho, namna ya kuboresha kozi. Owuor, kiranja wetu, alikuwa ametuonya mapema kwamba mitihani haijasahihishwa, kwa hiyo tusifu tu. Keki ikaletwa. Wa kwanza akasifu, wa pili akasifu kumzidi, mzee wa watu anatabasamu. Ndipo akasimama Achieng', msichana wa Asembo Bay, ambaye kwa kawaida hata sauti yake huisikii.

"Mwalimu, mimi leo sina shukrani," alisema. "Ndugu yangu ni mtu wa boda, alishikwa na polisi Jumanne huko Manyatta. Mpaka leo hajapelekwa kortini. Kituoni wanasema hawamjui. Mama anashinda hapo nje na chakula chake."

"Achieng', hiyo si maoni ya kozi, bana," Owuor akamkatiza.

"Ni ya kozi. Kifungu cha kupelekwa kortini ndani ya saa ishirini na nne nakijua kwa kichwa. Lakini nikifika kortini naingia ofisi gani? Napeleka karatasi gani? Hiyo hatukufunzwa."

Mimi niliyemzidi umri sikujua, na nilipotazama nyuso za wenzangu niliona kwamba hata wao hawakujua. Mzee Oloo aliweka kisu cha keki chini.

"Nyathina," alimwita, kama mzazi anavyomwita mtoto wake kwa Kijaluo, "mbona hukuniambia Jumatano, nilipowauliza tena hapa darasani kama kuna msichoelewa?"

"Wote walisema wanaelewa. Nikafikiri ni mimi peke yangu sijui. Niliona aibu."

Mzee alichukua koti lake wakaondoka pamoja, keki ikabaki mezani. Kabla korti haijafungwa walikuwa wamepata amri ya jaji: polisi wamlete kijana huyo. Jumamosi familia ilimpata mochari. Daktari aliyemchunguza alisema alikufa Alhamisi. Jumatano, mwanangu, alikuwa hai.

Jumatatu Mzee Oloo alituita. Nilitegemea atufariji, lakini hakutufariji.

"Nilifundisha vibaya, na hilo ni langu, nitaenda nalo," alisema. "Lakini nyinyi mlikaa hapa, kila mtu na kutojua kwake mfukoni, mkaniambia niko sawa. Mlimfanya yule msichana ajione mjinga peke yake. Heshima gani hiyo?"

Achieng' hakurudi chuoni. Mazishini alinishika mkono akanishukuru kwa kuja. Nilitamani anitukane.

Baadaye mzee aliibadilisha kozi. Kila mwanafunzi alitakiwa aende kortini mwenyewe, ajue dirisha la kuwasilisha maombi, aandike ombi la kumtoa mtu aliyeshikwa, alirudie mpaka likubalike. Watu wamesaidika kwa kozi hiyo, na ndiyo ninayowafundisha leo. Bado sioni kwamba ilistahili kununuliwa kwa mtoto wa mtu.

Sasa nasikia wewe ndiye kiranja, na kwamba unawaambia wenzako wasinikasirishe. Acha hiyo kabisa. Mwalimu akikuuliza maoni, usimpambe. Mwambie ni kitu gani huwezi kukifanya hata baada ya kumsikiliza muhula mzima. Kama hujui, sema hujui, tena sema wa kwanza, kwa sababu nyuma yako yupo mwenzako anayekusubiri na hana muda wa kusubiri. Nikikununia, acha ninune. Nitapona.

Mungu akupe siku nyingi, mwanangu. Akupe mdomo usioona haya kuuliza, na watakaokuja kwako wakilia awape siku utakazohitaji kuwasaidia, maana Achieng' alihitaji mbili tu.