Landrova Isiyo na Kioo

Wiki iliyopita trafiki alinisimamisha tena pale njia ya kutokea sokoni Kyela. Akaizunguka Landrova yangu kama mtu anayenunua ng'ombe, akachungulia ndani, kisha akauliza swali ambalo kila trafiki mgeni huniuliza: "Mama, kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kiko wapi?" Nikamwambia hakipo. Kilivunjika? Hakikuvunjika. Kiliibwa? Hakikuibwa. Akanitazama kwa ile huruma ya kumtazama mwanamke wa makamo anayeendesha gari lililomzidi umri, akatoa kalamu akaniandikia.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana wewe angalau utakaa usikilize. Kupenda gari la zamani katika mji wetu huu ni kujitafutia presha. Ukiulizia bushi za Landrova, duka zima limejaa vipuri vya bodaboda. Ukienda kwa fundi, anataka kuongea na dereva. Ukimwambia dereva ni wewe, anaulizia mumeo. Ukiegesha ukaingia sokoni kununua mchele, ukirudi unakuta bajaji zimekuziba nyuma na wenyewe wamekwenda kula. Msimu wa kakao ndio usiseme, kila mtu ana gunia na kila gunia lina haraka. Nagombana nao wote, nikifika nyumbani nampigia mdogo wangu simu nalalamika.

Mdogo wangu ni mtu wa ofisi huko Mbeya, na gari lake hupiga kelele lenyewe likikaribia ukuta. Amechoka na simu zangu. Jumamosi alishuka na kioo kipya ndani ya boksi, akakifunga kwa mkono wake, akakifuta kwa shati. "Basi, dada, yaishe," akasema. Nilimshukuru. Nilishindwa kumwambia kwamba lile gari lilikosa kioo kwa sababu, na kwamba siku sababu yenyewe ilipotaka kutuua sote, yeye alikuwemo, hajitambui.

Gari lilikuwa la babu, mzaa baba. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Matema, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili, na enzi hizo hapakuwa na gari jingine la kutegemea. Lilibeba mpunga, kakao, mikungu ya ndizi, wagonjwa, maharusi na maiti. Lilibeba vyungu vya Ikombe vilivyokuja kwa mtumbwi, tukivizungushia majani makavu ya migomba visigongane. Nyuma lilifunikwa turubai, na harufu ya mle ndani ninayo puani mpaka leo: kakao iliyochacha, usipa mkavu, wale dagaa wa ziwa letu, na petroli. Mimi nilikaa mbele na babu. Kazi yangu ilikuwa kufuta ukungu kwenye kioo cha mbele kwa tambara, na kusikiliza injini, kwa sababu babu aliniambia gari halifi ghafla, linasema kwanza, ila watu hawasikii. Ugonjwa wa magari nimeupatia pale.

Mama hakukaa mbele hata siku moja. Kwetu, kwa watu wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami yeye. Wakikaribia kukutana njiani babu alikohoa, mama akaingia kwenye migomba, akainama na kujifunika khanga mpaka apite. Mama hakutamka jina la babu wala neno linalofanana nalo. Hawakusemeshana. Ukidhani ni chuki umekosea sana. Ilikuwa heshima, nayo ilikuwa kazi ya kila siku kama kuchota maji. Mama akipika samaki wa mbasa, sahani ya babu niliipeleka mimi, na babu akisifia, sifa nilizirudisha mimi. "Mwambie aliyepika, ndaga fijo," alikuwa akisema, asante sana, na mama jikoni aliinamisha uso kama vile babu amesimama mbele yake.

Sasa mama alipoanza kupanda gari kwenda mjini kuuza mchele, bibi alitundika khanga kati ya mbele na nyuma. Lakini khanga hupepea. Ikipepea, kioo cha ndani kilimletea babu uso wa mkwewe mpaka puani. Babu alichukua spana akakifungua, akakiviringisha kwenye mfuko wa unga, akakitupia kwenye boksi la vifaa. Vioo vya pembeni navyo havikuwa vya kutegemea, kimoja kilishavunjwa na pembe ya ng'ombe, cha pili kilionyesha turubai tupu. Fundi wa mjini alimwonya kwamba atakuja kuua watu. Babu akamjibu, "Huko nyuma nimeshapita."

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mto Mbaka ulifura ukaingia mashambani, vyura wakalia mchana. Mdogo wangu, alikuwa hajaanza hata kutembea vizuri, aliamka anachemka, na mchana akapata degedege. Baba alikuwa kazini Mbeya. Mama alimfunga mtoto kifuani, akaingia nyuma ya gari bila kumuaga mtu. Bibi alituombea akiwa amesimama mvuani. Babu akapiga hendeli, gari likaitika, tukaondoka kuelekea hospitali.

Njia ilikuwa tuta jembamba kati ya mashamba ya mpunga. Tuta nililolijua siku zote halikuonekana. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa kila upande, na ncha za majani tu zikionyesha kingo ziko wapi. Babu aliendesha kwa gia ya kwanza. Mara akasimama. Mbele yetu, pale lilipokuwa karavati, maji yalikuwa yanazunguka na kudidimia. Karavati limekwenda. Kugeuza haiwezekani, tuta lenyewe halikuzidi upana wa gari. Na maji yalikuwa yanapanda. Yalishanilowesha vidole vya miguu. Njia pekee ilikuwa kurudi kinyumenyume mpaka njia panda ya kanisani, palipoinuka.

Babu alifungua mlango akachungulia. Aliona ukingo wa upande wa milima. Upande wa ziwa, ambako kulikuwa na mtaro wa kumeza gari zima, hakuona kitu, na mimi nilikuwa mfupi mno, turubai lilinizuia. Akaniambia bila kugeuka, "Mwambie mama yako atazame nyuma, aseme." Nikaielekea khanga nikasema. Sauti ya mama ikajibu, "Mwambie babu aje mlimani kidogo." Kwetu hatuelekezani kwa kulia na kushoto. Ziwa liko pale na milima iko pale, na hata mtu akikupa mgongo, mlimani kwake ni mlimani kwako.

Nikamwambia babu. Lakini maneno yalipokwisha kutoka nyuma, yakapita kwangu, yakafika kwake, gurudumu lilikuwa limeshateleza. Gari liliinama upande wa ziwa. Nilisikia mama amegonga bodi, na mtoto, aliyekuwa akilia tangu nyumbani, akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonimaliza. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Babu akaniuliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Mimi nimekumbatia tambara langu tu. Niliona wazi kwamba tunakufa, na tunakufa kwa sababu mimi siwezi kusema neno moja.

Khanga ikavutwa ikaanguka.

"Mlimani, tata," mama akasema. Kwetu tata ni baba. "Mlimani. Mlimani tena. Hapo, nyoosha."

Mikono ya babu ilikwama juu ya usukani. Nilimtazama, nikadhani atakataa. Hakugeuza kichwa. Macho yake aliyapeleka mbele kabisa, kwenye maji, mahali ambapo hatukuwa tunakwenda, kisha akavuta usukani kama alivyoambiwa. Gari likapanda. "Taratibu. Ziwani kidogo. Ngoja, kuna gogo, linapita. Haya." Tulirudi hivyo mpaka kanisani, yeye akiongozwa na sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa karibu, mama akiwa amempa mgongo, wote wawili wanatazama pande tofauti. Pale njia panda mama aliokota khanga akaitundika tena. Tukazunguka kwa njia ya juu kupitia Ipinda. Kesho yake jioni mdogo wangu aliomba uji.

Ulidhani yaliishia hapo? Wazee wa ukoo walikuja. Mkwe amemsemesha baba mkwe, tena mchana kweupe, na mila inajulikana: kwao walete ng'ombe wa kusafisha kosa. Mama alikaa jikoni, chungu kikiungua na yeye hakioni, maana kwao hawakuwa na ng'ombe wa kuleta. Babu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikusikia mkwe. Nilisikia kioo cha gari. Nilikitoa mahali pake, kikasemea nyuma. Kioo hakitozwi ng'ombe." Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, wakaomba chakula.

Wakarudia maisha yao, babu akikohoa njiani na mama akiingia migombani. Isipokuwa kitu kimoja. Kila babu alipotaka kurudi nyuma, alikanyaga klachi, akatia rivasi, akangoja. Kutoka nyuma ya khanga ilikuja sauti: "Ziwani." Naye akaachia. Miaka yote waliyoishi kwenye boma moja, walizungumza kwenye rivasi tu. Siku tulipomzika babu sikumwona mama akilia, mpaka jirani aliyeendesha gari lile la babu aliporudisha nyuma pale makaburini bila kungoja.

Siku hizi karavati ni la zege. Wake za watoto wetu wanakaa mbele na wakwe zao, wanagombania redio. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe nilimsalimia mkwe wangu kwa mkono na dunia haikuanguka. Ila ile namna ya kumwogopa mtu kwa sababu unamheshimu, ukamlinda asikuone ukiwa na hofu wala njaa, sijui ilikwenda wapi, na hakuna duka la vipuri nitakaloiulizia.

Jumatatu nilimpeleka mama sokoni. Ni mzee sasa, na bado anakaa nyuma, mbele kumemshinda. Tulipomaliza nikawasha, bajaji zimejaa kila mahali kama kawaida, nikatia rivasi. Mama akavuta pumzi kusema, kama anavyofanya miaka yote tangu gari liwe langu. Nikainua macho, nikamwona kwenye kioo kipya, uso mzima. Naye akaniona namwona.

"Kumbe unaona mwenyewe, mwanangu," akasema taratibu, akajivutia khanga, akageukia dirishani.

Nyuma yangu palionekana wazi kiooni, niliona kila kitu, hata trafiki wangu kule ng'ambo. Mguu uko kwenye klachi. Nikanyoosha mkono, nikakigeuza kile kioo kikatazama paa.

"Hiki kioo kibovu, mama," nikamwambia. "Sioni."

Nikangoja. Wenye magari nyuma wakaanza kupiga honi, nami nikaendelea kungoja.

"Ziwani," akasema.