Kizuizi cha Ndoa

Hadi leo nikikumbuka lile kanisa la Bungoma, damu inanichemka. Nilikuwa nafundisha fizikia shule moja ya upili huko, msichana wa Matisi, Kitale, tena nishaposwa. Mbuzi wa mahari walikuwa wamefika kwetu, na mchumba wangu, karani wa serikali mzaliwa wa Bungoma, alishatafuta hema la harusi. Yalibaki matangazo tu. Kwetu ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na kila mara mchungaji huuliza kama kuna anayejua kizuizi.

Kosa langu nini? Kidato cha Nne tulikuwa tunasoma mwanga, jinsi unavyojionyesha kama wimbi katika jaribio moja na kama chembechembe katika lingine. Msichana mmoja akauliza, "Sasa Madam, ni nini haswa?" Nikamwambia inategemea umeupima vipi. Kisha nikaongeza jambo aliloniambia mzee mmoja Mhindi aliyeniuzia nyaya za shaba Kitale: kwamba Veda, maandiko ya kale ya dini yao, yanafundisha kuwa vitu tunavyoviona vingi asili yake ni moja, na anayetazama hajatengana na kinachotazamwa. Nikawaonya wazi kwamba wahenga hao hawakuwa na maabara. Maswali yanafanana, lakini Veda si ushahidi wa fizikia. Basi! Ni hayo tu!

Jumapili ya pili mwalimu mwenzangu, mlezi wa wanafunzi waliookoka, akasimama. "Mchungaji, kizuizi kiko. Huyu mwarimu anafundisha watoto miungu ya Kihindi."

Miungu! Na darasani kwangu hajawahi kukanyaga! Kanisa zima likaguna. Mchungaji akaniamuru nitubu mbele ya watu Jumapili iliyofuata, la sivyo harusi hakuna.

Wiki nzima mchumba wangu akanibembeleza. "Si useme tu pole, bana. Ni maneno tu."

"Nitubu nini? Nimeabudu nani?"

"Ati watu watasema nini?"

"Na wewe je, unasemaje?"

Akainama kukaza kamba za viatu. Mtu mzima, ndevu zote hizo! Na nilimpenda kweli, ndiyo maana iliniuma.

Siku ilipofika, wazazi wangu walitoka Kitale alfajiri, mama amefunga kitambaa chake cha akina mama wa kanisa. Nikapita mbele. Nikaeleza mwanga, nikaeleza Veda, polepole kama darasani. Mchungaji akanikatiza, "Mwalimu, tubu." Nikamtazama mchumba wangu. Nilitaka asimame tu, hata asiseme kitu. Alikuwa anafunuafunua kitabu cha nyimbo.

Mchungaji akakichukua kimya changu kuwa toba, akanibandika mkono kichwani, akaniombea, na watu wakapiga makofi. Halafu, huku anatabasamu, akasoma majina yetu kwa mara ya tatu na kuuliza kama kuna kizuizi.

"Kiko," nikasema, nikimwonyesha mchumba wangu kwa kidole. "Kimekaa pale."